Mtoto Hukohoa au Anakohoa?



Mwezi huu nimeombwa na akina mama wa darasa letu la Jumamosi kanisani niandike juu ya jambo ambalo huenda mkashangaa kulikuta katika safu ya muuguzi: somo la Kiingereza. Tafadhali msifunue ukurasa! Sitawapeni mambo ya chuo kikuu. Nitazungumzia wakati mmoja tu wa vitenzi, ule ambao Waingereza huuita "present simple tense", na ambao mtoto hufundishwa mwanzoni kabisa shuleni. Nataka kuwaonyesha kwamba wakati huo mnao tayari vinywani mwenu kwa Kiswahili, na kwamba kuujua si jambo la kujivunia mbele za watu tu. Wakati mwingine afya ya mtoto hutegemea hapo.

Swali la daktari

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika wodi ya watoto. Tulikuwa na daktari mgeni kutoka ng'ambo, mtu mpole na mwenye bidii, lakini Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari". Siku hiyo wauguzi tulikuwa wachache, nami nilikuwa nikigawa dawa upande wa pili wa chumba. Akaingia mama mmoja kijana, amempakata mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi. Daktari, kwa kuwa hakuona mtu wa kumtafsiria, akauliza mwenyewe: "Does he cough at night?"

Mama yule alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Neno "cough", ambalo hutamkwa "kof", alilifahamu kuwa ni kukohoa. Akamtazama mwanawe. Mtoto alikuwa amesinzia kifuani pake, kimya kabisa, hakohoi hata kidogo. Basi akajibu kwa heshima, "No, doctor." Daktari akaandika.

Mimi nikageuka. Asubuhi ile ile nilikuwa nimempima mtoto huyo uzito na kuona kwenye kadi yake ya kliniki kwamba mstari unashuka badala ya kupanda. Nikamsogelea mama nikamwuliza, "Mwanangu, mtoto huyu hukohoa usiku?" Akajibu upesi, "Ndiyo, sista! Kila usiku. Hii ni wiki ya tatu sasa, hata bibi yake tunayelala naye chumba kimoja anakohoa vivyo hivyo."

Akina mama, kikohozi kilichozidi wiki mbili, uzito unaopungua, na mtu mzima nyumbani anayekohoa siku nyingi, hayo ni mambo yanayotutaka tupime kifua kikuu mara moja. Mtoto alipimwa, na bibi naye akaitwa akapimwa. Wote wawili walianza dawa na wakazimaliza. Wakapona.

Mama yule hakusema uongo. Alijibu kwa ukweli, ila alijibu swali jingine. Daktari aliuliza, "Hukohoa?" Yeye akasikia, "Anakohoa?" Tofauti iliyokuwa kati yao ni wakati mmoja wa kitenzi.

"Hu-" yetu ndiyo hiyo

Angalieni sentensi hizi mbili za Kiswahili: "Mama anapika" na "Mama hupika". Ya kwanza, mama yuko jikoni sasa hivi, moshi unaonekana. Ya pili, mama huenda yuko sokoni au kanisani, lakini kupika ni desturi yake. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "Mother is cooking", na ya pili ni "Mother cooks". Hiyo "cooks" ndiyo present simple.

Tatizo letu ni kwamba katika mazungumzo ya kila siku "na" yetu hufanya kazi zote mbili. Mtu husema "Ninafanya kazi sokoni" hata kama wakati huo ameketi sebuleni kwako akinywa chai. Kiswahili kinamruhusu. Kiingereza hakimruhusu. Akisema "I am working" maana yake yuko kazini sasa hivi. Kama anaeleza shughuli yake ya siku zote, aseme "I work".

Kwa hiyo kabla hujafungua kinywa, jiulize: Je, hapa naweza kutia "hu-"? Ukiweza, tumia present simple. Wakati huo hufaa hasa katika mambo haya manne:

1. Mazoea. "I pray every morning", huomba kila asubuhi. "He coughs at night", hukohoa usiku.

2. Ukweli wa siku zote. "The sun rises in the east", jua huchomoza mashariki. "Dirty water causes diarrhoea", maji machafu huleta kuhara. "Mosquitoes bite", mbu huuma.

3. Ratiba. "The clinic opens at eight", kliniki hufunguliwa saa mbili. Hapa kuna mtego mwingine. "Eight o'clock" ya asubuhi ni saa mbili yetu, si saa nane. Wako waliofika mchana wakakuta foleni imekwisha.

4. Mambo ya moyo na akili, kama kujua, kupenda, kutaka, kuamini, kuelewa. Hapa kipimo cha "hu-" hakisaidii, maana sisi husema "najua", hatusemi "hujua". Kariri tu: "I know", "I love", "I want", "I believe", "I understand". Usiseme "I am knowing". Vivyo hivyo kumiliki: sema "I have three children", wala usiseme "I am having three children", kosa linalosikika hata kwa watu waliosoma sana.

"S" ni kama mwavuli mmoja

Uzuri wa "hu-" ni kwamba haibadiliki. Mimi huamka, wewe huamka, sisi huamka, wao huamka. Kiingereza nacho karibu kiko hivyo hivyo: "I wake", "you wake", "we wake", "they wake". Kitenzi kinabaki kilivyo. Kuna pahali pamoja tu panapobadilika, nako ni anaposemwa mtu mmoja au kitu kimoja ambacho si mimi wala wewe. Hapo kitenzi huongezwa "s" mwishoni: "he wakes", "she wakes", "it wakes".

Wanafunzi wangu walisumbuka sana na "s" hii, kwa sababu walishajifunza kwamba "s" ni ya wingi: kijana mmoja ni "boy", vijana wengi ni "boys". Sasa inakuwaje "s" ya kitenzi ije kwa mtu mmoja? Nikawaambia waufikirie mwavuli mmoja katika nyumba yenye watu wawili. Akitoka nao huyu, yule hana. "The boys play": mwavuli umechukuliwa na "boys", kitenzi kimebaki bila. "The boy plays": "boy" hana mwavuli, kwa hiyo kitenzi kimeuchukua. Mfano huu hauendi na kila neno, maana "children" ni wengi nao hawana "s", na bado tunasema "the children play". Lakini kwa kuanzia utakusaidia.

Katika kuandika, shikeni haya machache. Kitenzi kinachoishia na "sh", "ch", "ss", "x" au "o" huongezwa "es": "wash" huwa "washes", "teach" huwa "teaches", "go" huwa "goes". Kinachoishia na "y" iliyotanguliwa na konsonanti hubadilisha "y" kuwa "ies": "carry" huwa "carries", "cry" huwa "cries". Lakini kama kabla ya "y" kuna irabu, weka "s" tu: "pray" huwa "prays", "buy" huwa "buys". Na "have" huwa "has".

Katika kutamka, "cooks" huishia na sauti ya "s", "prays" huishia na sauti ya "z", na "washes" huongeza silabi nzima, kama "woshiz".

Kukana na kuuliza

"Hu-" yetu haina njia yake ya kukana. Hatusemi "hahula". Tunasema "hali": mtoto huyu hali vizuri. Kiingereza nacho huomba msaada kwa neno jingine, nalo ni "do". "I do not eat meat", sili nyama. Akiwa mtu mmoja wa pembeni, "do" huwa "does": "He does not eat well", hali vizuri. Katika maongezi hufupishwa kuwa "don't" na "doesn't".

Angalieni mwavuli wetu sasa. "Does" ameshauchukua! Kwa hiyo kitenzi kinachofuata hakina "s" tena. Sema "She does not cook", usiseme "She does not cooks".

Kuuliza ni hivyo hivyo. "Do" au "does" hutangulia mbele, mahali ambapo sisi tungeweka "Je". "Do you take any medicine?", je, kuna dawa unayotumia? "Does she eat well?", je, hula vizuri? "Does it hurt?", je, panauma? Ukisikia daktari ameanza na "do" au "does", fahamu kwamba kwa kawaida anauliza jambo la siku zote, si la dakika hii. Akianza na "is", kama "Is he coughing?", basi huenda anauliza la sasa.

Na katika kujibu jihadharini na "yes" na "no". Sisi tukiulizwa, "Mtoto hali?", hujibu, "Ndiyo, hali", tukikubaliana na aliyeuliza. Mwingereza akiuliza "Doesn't he eat?" na mtoto akawa hali, jibu ni "No, he doesn't". Ukijibu "yes", ataelewa kwamba mtoto anakula vizuri, na wewe utarudi nyumbani na tatizo lako. Njia salama ni kuacha "yes" na "no" peke yake na kutoa sentensi nzima: "He does not eat." "He coughs every night." Sentensi fupi kama hiyo haina njia mbili.

Makosa tunayoyachukua nyumbani kwetu

Makosa mengine si ya ujinga. Hutokana na Kiswahili chenyewe, na ukijua yanatoka wapi utayashinda.

Kwanza, "My mother she cooks". Sisi tumezoea kusema "mama a-napika", ile "a" ikimrudia mama. Kiingereza hakimrudii. Sema "My mother cooks".

Pili, "he" na "she". Kwetu "yeye" ni mwanamume au mwanamke. Wao wametenganisha: "he" mwanamume, "she" mwanamke. Daktari akisikia "she" kwa mtoto wa kiume anaweza kudhani mnamsema mtu mwingine.

Tatu, "I am cook". Ukitia "am" bila sababu umesema jambo jingine. "I cook" ni hupika. "I am a cook" ni mimi ni mpishi. "Am", "is" na "are" ni zile "ni" zetu, ziacheni kwenye kazi hiyo: "I am a mother", "She is sick", "They are at school".

Nne, maneno ya kuonyesha ni mara ngapi. "Always" ni siku zote, "usually" ni kwa kawaida, "sometimes" ni mara nyingine, "never" ni kamwe. Sisi huyaweka mara nyingi mwishoni, wao hupenda kuyaweka kabla ya kitenzi: "He always coughs", "He sometimes vomits". Na "never" imekwisha kukana yenyewe, haihitaji "not": "She never sleeps in the afternoon".

Mahali pa kujifunzia

Msiseme hamna nafasi. Darasa letu ni siku yako mwenyewe. Unapowasha jiko, sema "I light the fire". Unapofagia kila asubuhi, sema "I sweep the yard". Sentensi kumi za nyumbani ulizozisema kwa sauti mwezi mzima ni bora kuliko daftari lililojaa.

Chukua pia Biblia yako ya Kiswahili, ufungue Mithali 31, usome kuanzia mstari wa 10 habari za yule mke mwema. Hesabu vitenzi vinavyoanza na "hu-". Utavikuta vingi, kwa sababu mwandishi hasimulii alichofanya mama yule siku moja, bali maisha yake. Kisha, kama kuna mtu mwenye Biblia ya Kiingereza cha siku hizi, soma mistari hiyo hiyo utafute zile "s". Ukipata ile ya King James ya mwaka 1611, utakuta vitenzi vimeishia na "eth" badala ya "s". Usiogope, ni umbo la zamani tu, kazi yake ni moja.

Na wale wenye watoto shuleni, wafanyeni watoto kuwa walimu wenu. Mama mmoja darasani kwetu alikuwa akificha daftari lake chini ya kitenge mwanawe wa sekondari asilione, kwa kuogopa kuchekwa. Siku moja mtoto akaliona. Hakucheka. Alichukua kalamu akamsahihishia "s" tatu, na tangu hapo huketi pamoja kila jioni, mama akisoma na mtoto akisikiliza. Mtoto huyo masomo yake mengi hufundishwa kwa Kiingereza, naye alikuwa akihangaika peke yake. Haya ya mama ilikuwa imewanyima wote wawili.

Zoezi la mwezi huu

Isome habari hii, kisha uibadilishe. Badala ya "I", msimulie jirani yako, "she". Andika jibu lako kabla ya kutazama chini.

"I wake up at five o'clock. I pray. I wash my face and sweep the yard. I make tea and carry water. My children go to school. I have a small farm. I do not sleep in the afternoon."

Jibu: "She wakes up at five o'clock. She prays. She washes her face and sweeps the yard. She makes tea and carries water. Her children go to school. She has a small farm. She does not sleep in the afternoon."

Kama uliandika "Her children goes", rudi kwenye mwavuli: watoto ni wengi, kitenzi hakipati "s". Na kama uliamka saa tano, kumbuka kwamba "five o'clock" hapa ni saa kumi na moja alfajiri!

Neno la mwisho

Nimewafundisha haya si ili mdharau Kiswahili chetu. Mtoto yule alisaidiwa na swali lililoulizwa kwa Kiswahili safi. Na mgonjwa anayo haki ya kuelewa anachoulizwa. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kukariri mwezi huu, kabla ya zote, ni hii: "I do not understand. Please call the nurse." Maana yake, sielewi, tafadhali mwite muuguzi. Sehemu yake ya kwanza ni present simple nayo, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Iseme kwa sauti. Aibu isikufanye utikise kichwa kwa jambo usilolielewa ukiwa umempakata mtoto.

Wakati huu wa mazoea unatuuliza pia swali la nyumbani: mimi hufanya nini kila siku? Danieli alijulikana kwa desturi yake ya kuomba mara tatu kwa siku, hata adui zake walijua saa ya kumkuta. Jirani akitusimulia sisi kwa "she", ataweka vitenzi gani? "She shouts", hufoka? Au "She prays", huomba? "She listens", husikiliza? Tuombe Mungu atusaidie kuchagua vitenzi vyetu.

Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.